Radi ya Kutumwa na Radi ya Mawingu: Je, Uchawi Unazima Mitambo?

Kila mvua zinapoanza Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mjadala wa zamani hufufuka. Nyumba moja imepigwa na radi: televisheni imeungua, simu iliyokuwa kwenye chaji haiwaki tena, na zizini ng'ombe wamelala chini. Nyumba ya jirani haikuguswa. Kabla matope hayajakauka, watu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni mvua tu. Wapo wanaouliza mwenye nyumba aligombana na nani mwezi uliopita. Wapo pia wanaosema yote mawili kwa pamoja, asubuhi wakimtafuta fundi umeme na jioni mganga.

Mkanganyiko huu umevuka mipaka ya Mkoa wa Rukwa. Mtu ambaye hajawahi kufika Sumbawanga atakuambia kwamba huko ukidhulumu utatumiwa radi. Maneno haya husemwa kwa kicheko vijiweni, lakini yanapofika kwenye msiba hakuna anayecheka. Katika msiba huo maswali matatu husukwa kuwa moja: radi inafanyaje kazi, kwa nini imempiga huyu na kumwacha yule, na nani awajibike. Uchambuzi huu unayatenganisha maswali hayo, unapima majibu yanayotolewa, na kueleza kwa nini jinsi tunavyojibu inaweza kuokoa mtu au kumwangamiza.

Usuli: uwanda wa juu na sifa yake

Ufipa ni uwanda wa juu uliobanwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Milima ya Mbizi inayouinamia inapanda zaidi ya hapo. Kaskazini, katika Wilaya ya Nkasi, kata kama Kate ziko kwenye uwanda huohuo ulio wazi, wenye mashamba mapana ya mahindi, nyasi nyingi na miti michache iliyosimama peke yake. Mvua hunyesha msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Hewa yenye unyevunyevu hupanda kwenye kingo za uwanda, hupoa juu, na mawingu ya radi hujengeka mchana.

Eneo hili pia limo katika ukanda mmoja wa maziwa makuu na kitovu cha radi cha bara zima. Utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti ya NASA, uliochapishwa mwaka 2016, uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mahali pa kwanza duniani. Kwa upande wa Afrika, kinara alikuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, penye mimweko takribani 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukanda wa maziwa makuu wote una radi nyingi. Kwa hiyo sifa ya Sumbawanga kuwa nchi ya radi ina msingi angani kabla hatujaitafuta kwa wanadamu.

Halafu mitambo ikaingia kwa kasi. Barabara ya lami kutoka Tunduma, nguzo za umeme, minara ya simu, paneli za sola na antena za televisheni kwenye milingoti mirefu vimeenea ndani ya kizazi kimoja. Zamani radi ilipiga mti, mnyama au mtu. Leo inapiga pia akiba ya familia: friji, redio na simu yenye pesa na namba za wateja. Kila kifaa kipya kimekuwa mahali papya pa kuumia, na hivyo mahali papya pa kutilia shaka.

Tanuri la chuma: dawa na ufundi mahali pamoja

Wengi huamini kwamba uchawi na mitambo ni maadui wa asili, kwamba kimoja kikiingia kingine hutoka. Historia ya Ufipa haikubaliani na dhana hiyo.

Kwa karne kadhaa Wafipa walikuwa miongoni mwa wafua chuma mashuhuri wa ukanda huu. Matanuri yao, yaitwayo malungu, yalijengwa kwa udongo hadi kufikia mita tatu hivi kwenda juu. Hayakuhitaji mivukuto, hewa ilivutwa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, kwa nguvu ya joto linalopanda. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo kwa mivukuto. Huo ni uhandisi wa hali ya juu: aina ya udongo, urefu wa tanuri, kiasi cha mkaa na muda wa kuunguza vilipaswa kulingana.

Fundi mkuu alikuwa pia na kikapu cha dawa. Dawa ziliwekwa kwenye tanuri, mafundi walishika miiko ya kujitenga na wake zao, na tanuri lilitendewa kama bibi harusi anayetarajiwa kuzaa. Wanaakiolojia na wanaanthropolojia waliochunguza ufundi huu, akiwemo Bertram Mapunda, wanaonyesha kwamba mambo haya yalikwenda pamoja katika kazi ileile. Dawa haikuja kuzima tanuri, ilikuja kulilinda. Miiko iliwaweka mafundi kazini kwa utulivu katika kazi ndefu na ghali, na ikiwa chuma hakikutoka, iliwapa namna ya kueleza hasara.

Kwa hiyo picha ya uchawi unaounguza vifaa si urithi pekee wa Ufipa. Upo urithi mwingine, wa zamani na wa heshima zaidi, ambamo nguvu zisizoonekana ziliitwa zisaidie mtambo ufanye kazi.

Watunzi wa michezo wanatufundisha nini

Swali la uhusiano wa uchawi na mitambo limewashughulisha pia watu wa mbali ambao hawana msiba wowote wa kueleza. Ni watunzi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafasi ya mhusika, na hadithi ikasonga kwa kanuni zilizoandikwa. Wakitunga mji wa leo wenye wachawi, hulazimika kuamua: mchawi akipita karibu na kompyuta, kinatokea nini?

Majibu yao makuu ni matatu. La kwanza ni uadui. Katika mchezo wa The Dresden Files wa mwaka 2010, uliotokana na riwaya za Jim Butcher, mchawi huharibu vyombo vya kielektroniki kwa kuwepo tu, na kifaa kipya huharibika kabla ya cha zamani. La pili ni kuishi pamoja kwa gharama. Katika Shadowrun, uliotoka mwaka 1989, uchawi na kompyuta hutumika mtaa mmoja, lakini mtu anayejiwekea viungo vya mashine mwilini hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kichawi. La tatu ni umoja. Katika Mage: The Ascension wa mwaka 1993, uhalisia hufuata kile ambacho watu wengi wanakiamini, na teknolojia yenyewe ni namna ya uchawi iliyokubaliwa na wote.

Faida ya michezo hii kwetu ni nidhamu yake. Mtunzi wa kanuni haruhusiwi kusema tu kwamba uchawi unaharibu simu. Lazima aseme unaharibu simu ipi, kwa umbali gani, kwa gharama gani kwa anayeutumia, na kinga yake ni nini. Asiposema, mchezo huvunjika, kwa sababu kila mchezaji atadai kila tukio ni kazi yake. Kipimo hicho tunaweza kukitumia kwa madai ya radi ya kutumwa.

Hoja ya kwanza: radi hutumwa

Wanaoshikilia hoja hii husema kuna watu wenye ujuzi wa kuielekeza radi kwa mtu fulani, mara nyingi kwa sababu ya deni, wizi, mapenzi au mpaka wa shamba. Ushahidi wao mkubwa ni uchaguzi wa radi. Kati ya watu wengi, inampiga mmoja. Nguvu ya ushahidi wa aina hii ilionekana Oktoba 1998, pale gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliporipoti kwamba radi huko Kasai iliua wachezaji wote 11 wa timu ya Bena Tshadi uwanjani, huku wenyeji wao wa Basanga wakinusurika. Shutuma za uchawi zilizuka mara moja. Ushahidi wao wa pili ni radi inayopiga pasipo wingu juu.

Hoja hii ina nguvu ambazo haifai kuzipuuza. Inajibu swali ambalo mfiwa analo kweli: kwa nini mtoto wangu? Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika kuhusu kabila la Wazande kwamba walijua vizuri kuwa ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo; walichotafuta kwenye uchawi ni kwa nini lilianguka saa ileile ambayo watu fulani walikuwa wamekaa chini yake. Mtu wa Sumbawanga anayetaja radi ya kutumwa naye si lazima awe anakana kuwapo kwa wingu. Vilevile, hofu ya radi inaweza kuzuia dhuluma mahali ambapo polisi na mahakama viko mbali.

Udhaifu wake ni mkubwa zaidi. Ukiipima kwa nidhamu ya mtunzi wa michezo, haina mipaka. Radi ikipiga adui, imetumwa. Ikipiga mtu asiye na adui, ilikosea njia. Isipopiga, mtu alikuwa na kinga. Dai ambalo hakuna tukio linaloweza kulikanusha haliwezi kumwongoza mtu afanye nini kesho. Pia halilingani na mpangilio wa matukio yenyewe. Ugomvi hutokea mwaka mzima, lakini radi hufuata msimu wa mvua, miinuko, miti ya peke yake na milingoti. Kama ingefuata chuki, Julai ingekuwa na radi nyingi kama Januari.

Hoja ya pili: radi ni ya mawingu

Kisayansi, ndani ya wingu refu la mvua chembe za barafu hugongana na mvua ya mawe laini, na chaji za umeme hutengana. Tofauti ikizidi, umeme hupasua hewa. Mkondo wake hufika makumi ya maelfu ya ampea, na joto la njia yake hukaribia nyuzi 30,000 za Selsiasi. Hewa hutanuka ghafla na tunasikia ngurumo.

Maelezo haya yanajibu ushahidi ule wa uchaguzi, na yanaujibu kwa undani. Waathirika wengi hawapigwi moja kwa moja; umeme huwafikia kupitia ardhi. Ukitawanyika ardhini, hupita kwenye mwili wa mwenye miguu iliyoachana kwa nguvu zaidi kuliko mwenye miguu iliyobanana. Ndiyo maana ng'ombe hufa na mchungaji akabaki: miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbali, na njia ya umeme hupitia moyoni. Umbali wa hatua chache, unyevu wa udongo na mkao hutosha kutenganisha maiti na mzima.

Radi isiyo na wingu nayo ina maelezo. Radi inaweza kutoka pembeni mwa wingu na kusafiri zaidi ya kilomita 10 kabla ya kushuka mahali penye anga safi. Na televisheni iliyoungua wakati ya jirani inaendelea kuonyesha? Radi ikipiga laini ya umeme hata mbali, umeme mkubwa hukimbia kwenye waya na kuingia majumbani. Nyumba yenye ethi nzuri, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, au ambayo imechomoa vifaa vyake, huwa na nafasi zaidi ya kuokoka. Kifaa kipya huumia kwanza kwa sababu sakiti zake ndogo zimeundwa kwa volti chache. Redio ya betri isiyounganishwa na chochote mara nyingi haiguswi. Kanuni ya Dresden kwamba kipya hufa kabla ya cha zamani, bila kukusudia, inaeleza vizuri kile ambacho fundi wa Sumbawanga hukiona mezani kwake.

Nguvu kuu ya hoja hii ni kwamba inakinga. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, Uganda. Baada ya hapo ulianzishwa mtandao wa wataalamu wa Afrika, ACLENet, ambao umekuwa ukifunga mitego ya radi kwenye shule: fimbo za chuma juu ya paa na waya mnene unaoshuka hadi ardhini.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye namna inavyofikishwa. Mara nyingi huletwa kama kemeo kwa watu wa kijijini, wakati ushauri wake unahitaji pesa. Nyumba ya udongo na nyasi haina mabomba wala waya za kuuongoza umeme chini. Umeme humpitia aliye ndani. Kumwambia mwenye nyumba hiyo aingie ndani kisha umcheke kwa kwenda kwa mganga si elimu. Sayansi pia hunyamaza kwenye swali la mfiwa. Kusema mtoto alikuwa mahali pabaya kwa wakati mbaya ni kweli, lakini ni jibu jembamba sana kwa mama aliyezika.

Hoja ya tatu: sala ni kinga

Ufipa ina mizizi mirefu ya Ukatoliki. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya 1880, na misheni zikaenea uwandani. Baadaye makanisa ya kilokole nayo yakaja na ibada za kukomboa watu na nyumba zao. Wahubiri wengi hawasemi uchawi haupo; husema upo lakini umeshindwa.

Nguvu yake ni faraja na jumuiya. Mfiwa haachwi peke yake, na kisasi hukemewa. Inapohubiriwa kwa hekima, humwondolea mtu haja ya kumtafuta mchawi. Udhaifu wake ni kwamba, ikikosa hekima, huthibitisha dhana ileile inayotaka kuishinda. Ibada inayotangaza kwamba friji iliungua kwa nguvu za giza humrudisha muumini nyumbani akijiuliza giza hilo linakaa nyumba ya nani.

Hoja ya nne: uchawi ni lugha ya migogoro, na sheria ina neno

Wasomi wa jamii hawaulizi kama radi hutumwa. Huuliza madai hayo yanazungumzia nini. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika kuhusu Kamcape, vuguvugu la kusafisha uchawi lililopita vijijini na kuwataka watu wasalimishe dawa zao. Katika mtazamo huu, shutuma huongezeka pale jamii inapobadilika haraka: vijana wakiwa na pesa na wazee wakiwa na mamlaka tu, jirani mmoja akiwa na bati na mwingine nyasi. Kifaa kilichoungua ni alama ya maendeleo ya mtu mmoja mbele ya macho ya wengine, ndiyo maana kuungua kwake husomwa kama wivu.

Mtazamo huu unaeleza pia kile ambacho hoja ya uadui haiwezi. Mabango ya waganga hupigiliwa kwenye nguzo za umeme, yakiwa na namba za simu, na malipo hutumwa kwa simu. Kama uchawi ungekuwa adui wa mitambo, waganga wangekuwa wa mwisho kuitumia.

Sheria nayo imesimama mahali pa kipekee. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria kama Sura ya 18, inakataza mtu kujidai ana nguvu hizo na inakataza pia kumtaja mwingine kuwa mchawi nje ya vyombo vya dola. Ilitungwa na wakoloni, na kasoro zake ni nyingi, ikiwemo kumpa kiongozi wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa kutoka makazi yake. Lakini katazo lake la kunyoosheana vidole linalinda watu.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba uchambuzi haufungi ethi. Kujua kwamba shutuma ni lugha ya wivu hakumwokoi mtoto aliyejikinga chini ya mwembe wakati wa ngurumo.

Kupima: nani anabeba gharama?

Njia ya haki ya kupima hoja hizi ni kuuliza kila moja inamtoza nani, na inamlipa nini.

Radi ya kutumwa hutoza mara mbili. Kwanza, pesa ya kinga huenda mahali ambapo haizuii umeme. Pili, na hili ni baya zaidi, hutafuta mtu. Nchini Tanzania wanaotajwa kuwa wachawi mara nyingi ni wanawake wazee, wajane, wasio na watoto karibu, na wapo waliouawa kwa tuhuma hizo. Hakuna faraja ya mfiwa inayostahili kununuliwa kwa damu ya bibi wa jirani.

Radi ya mawingu hutoza pesa na bidii, lakini hulipa kwa maisha. Mengine hayana gharama: kuchomoa televisheni, antena na chaji ngurumo ikianza, kutojikinga chini ya mti, kuingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na kusubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa papo hapo, kubonyezwa kifua na kupewa pumzi, na wengi huokoka wakisaidiwa mapema. Hofu ya kumgusa kwa kudhani amebeba uchawi huua mara ya pili. Mitego ya radi na ethi mashuleni na zahanati ni mzigo wa halmashauri na serikali, wala haupaswi kuachiwa familia.

Kanisa na wazee wanabaki na kazi ambayo fundi umeme hawezi kuifanya: kukaa na swali la kwa nini bila kulijibu kwa jina la mtu. Na wasomi wanabaki na kazi ya kutuonyesha ugomvi uliojificha nyuma ya shutuma, ili upelekwe kwenye baraza la usuluhishi kabla haujafika kwenye panga.

Muhtasari

Uchawi hauzimi mitambo Sumbawanga. Kinachoizima ni umeme wa mawingu unaopita kwenye waya zisizo na kinga, na wingi wake unaelezwa na uwanda wa juu, msimu wa mvua na ukanda wa maziwa. Dai la radi ya kutumwa linadumu kwa sababu linajibu swali la mfiwa ambalo sayansi huliacha wazi, na kwa sababu halijawekewa mipaka ya kulipima. Sala hufariji, lakini hudhuru ikitafuta adui. Elimu ya jamii hufafanua, lakini haikingi paa. Sheria huzuia kunyoosha vidole, nayo inahitaji kutekelezwa na kurekebishwa.

Urithi wa malungu unaonyesha kwamba Wafipa walijua kuweka imani na ufundi kwenye kazi moja, kila kimoja kwa nafasi yake: udongo na hewa vilitoa chuma, miiko iliwashika mafundi pamoja. Mgawanyo huo unafaa leo. Swali la jinsi gani lijibiwe kwa waya na ethi. Swali la kwa nini mimi lijibiwe kwa watu kukaa pamoja matangani. Na swali la nani awajibike liulizwe halmashauri ambayo shule zake hazina mitego ya radi, lisiulizwe kwa bibi anayeishi peke yake mwisho wa kijiji.